Bega Langu na Ukuta wa Mwenye Nyumba

Jirani, sogea tukae, lakini usinipige bega. Hilo la kulia. Hata kwa salamu usiliguse. Mwenzako linatoka. Linatoka tu, kama droo ya kabati la bei chee.

Lilianza nikiwa na miaka 22, nadaka chandimu nyuma ya soko. Nikaruka kama Juma Kaseja, nikatua kama gunia la mkaa. Mpira ukaingia, bega likatoka. Goli likahesabiwa. Beki wetu akavua kiatu, akanikandamiza kisigino kwapani, akauvuta mkono. Kluk! Likarudi. Tukamnunulia soda, tukidhani ufundi kauzua yeye. Juzi ndiyo naambiwa aliyeandika habari za kisigino kwapani ni Mgiriki Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kwamba mtaani tusithubutu, mtu anaweza kuumizwa mishipa ya fahamu. Kumbe nilitibiwa kizamani na soda juu nikalipa mimi.

Toka hapo likazoea. Likatoka navaa shati la harusi ya shemeji. Likatoka nimening'inia bomba la daladala, konda anaita Mbagala, mimi namwita mama. Majuzi nimenyanyua mkono kusimamisha bodaboda. Bodaboda kasimama. Mkono ukagoma kurudi, umekaa pembeni kama mpini wa birika. Jamaa ananiambia, "Mzee, nishakuona, shusha."

Hospitali wakalirudisha, wakapiga picha, wakanifunga kitambaa shingoni. Mimi nasubiri sindano, au basi hata vile vidonge vya rangi mbili. Nikaandikiwa mazoezi. Mazoezi, jirani! Nimepanda magari mawili kwenda kuambiwa nichezeshe mkono.

Fizio, yaani mtaalamu wa hayo mazoezi, mwenyewe binti mdogo, ananiita baba, heshima tele, huruma hamna. Nikamtamkia kwamba pushapu 20 kwangu ni chai. Uongo mtupu. Mara ya mwisho napiga pushapu, Mkapa yuko Ikulu. Akatabasamu, akasema bega ni kama ndimu juu ya kizibo cha soda. Nyonga imezama kwenye shimo lake. Bega limepachikwa juu juu. Ndiyo maana mkono unazunguka kote, na ndiyo maana kwenye viungo vikubwa hakuna kinachoteguka kama bega. Mara nyingi linachomokea mbele, mkono ukiwa umeinuliwa na kugeuzwa nje. Yaani mkao wangu uleule wa bodaboda! Ndimu inashikiliwa na kano, na ukingo wa gegedu, na misuli minne midogo inayolikumbatia bega. Kano zangu zimelegea kama lastiki ya bukta ya kurithi, na zoezi halizikazi. Ila misuli inafundishika. Mimi nilijua bega lina msuli mmoja, ule wa kuwaonyesha wasichana.

Mpira wa kuvuta wa mazoezi bei ikanishinda, nikaenda kwa fundi baiskeli anikatie tyubu. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Basi unafunga tyubu kwenye kitasa, unakunja kiwiko, unabana taulo kati ya kiwiko na ubavu, unavuta kwenda nje, taratibu, unarudisha, taratibu. Mara kumi, unapumzika, unarudia tena na tena. Nikajisemea, hii ndiyo dawa? Ya saba nikaanza kuvuta kwa kiuno. Ya nane nikavuta kwa shingo na mdomo. Ya tisa taulo likaanguka. Mwanangu wa darasa la pili ndiye mhesabuji, na huyo ni mbaya kuliko fizio: taulo likianguka, anaanzia moja. Juzi mke wangu kafungua mlango kwa nguvu, kitasa kikachoropoka, tyubu ikanirudia ya uso. Bega zima, jicho limevimba.

Na si kwamba ni la siku mbili. Wiki 12! Mkono marufuku kwenda juu mpaka binti aruhusu, kwa hiyo bodaboda nasimamisha kwa mluzi. Wiki iliyopita akageuka mke wa mjumbe.

Sasa hilo zoezi la ukuta ndilo limenimaliza. Unasimama hatua moja, viganja ukutani, unajisogeza, halafu unasukuma mpaka yale makombe ya mabega huko nyuma yaachane. Eti nayo lazima yashikishwe adabu, maana kizibo chenyewe kikiyumba ndimu itakaaje? Nafanyia uani, ndani hakuna nafasi. Mwenye nyumba akanikuta. Akanitazama mimi, akautazama ukuta. "Kodi ya miezi miwili hujalipa, leo unaniangushia na nyumba?" Nikamweleza habari za ndimu. Akaondoka anatikisa kichwa.

Jumamosi mama mkwe kaingia kutoka Tanga, hana taarifa wala nini. Kanikuta kifua wazi, taulo bado nimelibana ubavuni, jasho linanitiririka, nausukuma ukuta nahema. Hajauliza kitu. Akatua kikapu. Akaikaza kanga kiunoni, akaja kusimama ubavuni mwangu, akaweka viganja ukutani.

"Haya baba," akasema, "tunausogeza mpaka wapi?"

Taulo likaanguka. Mwanangu akaanzia moja.