Nembo na Boksi Lake

Bosi wetu, nembo yako imefika. Imekuja kwa WhatsApp, tena JPEG, na sasa imekaa kwenye kona ya video ndani ya boksi jeupe, kama plasta usoni mwa bibi harusi. Unasema mhariri hajui kazi. Sawa. Ila JPEG, tangu ilipotoka mwaka 1992, haina mahali pa kuhifadhi uwazi: kila pikseli lazima ipate rangi, na patupu pako pamepakwa nyeupe.

Ukafuta mwisho wa jina la faili, ukaandika .png, ukaturudishia kwa mbwembwe. Hongera kwa jina jipya. Boksi lipo palepale. Ya ile GIF yako tusiseme sana: kwake pikseli huonekana au haionekani, basi, ndiyo maana herufi zilitoka kingo zimetafunwa. PNG ya kawaida ina ngazi 256 za uwazi. Hata kivuli hafifu hutulia.

Lakini hii ya jana ni kiboko. PNG halisi, eti isiyo na mandharinyuma, na vile viraba vya kijivu na vyeupe vya kuashiria uwazi vimechorwa humohumo! Aliyekuchorea nembo bado anapokea simu zako? Mwombe faili la asili, na ulitume kama dokumenti, si kama picha.