Sifa za Mpira wa Pawa

Mnazi umeimbwa, jahazi limeimbwa, hata kahawa chungu ina washairi wake. Mpira wa pawa, ule unaopitisha mafuta ya usukani, haujapata ubeti mmoja. Nauona huu kuwa uonevu, kwa sababu katika magari ya kifahari yaliyozeeka sijaona kiungo kingine kilichofanya kazi kubwa kiasi hicho ya kuwarudisha wakubwa kwa binadamu wenzao.

Msomaji mwenye IST anisamehe. Usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Hauna pampu, hauna mafuta, hauna mpira, kwa hiyo neema ninayoisimulia itampita pembeni. Anayetaka kuuona mpira huu katika enzi yake auendee ndani ya Mercedes-Benz ya W124, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1984 ikadumu hadi katikati ya miaka ya 1990, na ambayo bado inapita barabarani Dar es Salaam na Nairobi ikiwa imeng'arishwa. Injini yake haitaki kuchoka. Milango inafunga kwa mlio mzito. Viti hupakwa dawa ya ngozi kila Jumamosi. Wote hao ni wapambe: wanamwambia mwenye gari kwamba miaka haikupita. Mpira wa pawa peke yake haujui kujipendekeza. Unasema kweli, na unaisema kwa matone mekundu kwenye vigae vya maegesho, mbele ya wageni.

Kazi yenyewe si ndogo. Mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inavuta mafuta koponi na kuyasukuma kupitia mpira wa presha hadi kwenye boksi la usukani, ambako yanaisukuma pistoni upande anaoutaka dereva. Yakimaliza yanarudi koponi kwa mpira wa pili, wa kurudishia, bila haraka. Kwa mjaza upepo, tairi la mbele linaridhika likifika 30 na kidogo. Kwa kipimo hichohicho, mafuta ndani ya mpira wa presha hupita 1,000 pale dereva anapozungusha usukani hadi mwisho ili aegeshe mbele ya ukumbi wa harusi. Mzigo wote huo unabebwa na mpira laini wa ndani, nyuzi zilizosukwa kuuzunguka na gamba la mpira wa nje, basi. Joto la injini liko ubavuni, vumbi linatoka chini, na miaka 30 imepita. Waziri gani amekaa kwenye presha ya namna hiyo, muda wote huo, bila kuvujisha kitu?

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Mpira wa pawa haukuandikwa humo, lakini kama kuna aliyeendeleza kazi hiyo kimyakimya miongoni mwa Wabenzi, ni huu. Na haukurupuki. Kwanza unatoa jasho tu kwenye maungio, tope jeusi la mafuta na vumbi ambalo mkubwa hataliona kwa sababu hajafungua boneti tangu anunue gari. Kisha kopo linapungua, pampu inavuta hewa, na kila kona inapokatwa linasikika guno la mzee aliyeamshwa usingizini. Mkubwa anaongeza sauti ya redio. Baadaye anaanza kubeba kidumu cha mafuta kwenye buti, kando ya suti iliyotoka kwa dobi. Anajifunza kufungua boneti. Anajifunza kulaza boksi la katoni chini na kupiga magoti juu yake, na watoto wa jirani wanaona. Matone yakiangukia ekzosi yenye moto, moshi unapanda kwenye foleni, na anashuka kama sisi wengine, tai begani.

Siku mpira unapopasuka kabisa, ndipo malezi yanapokamilika. Usukani haukatiki, vyuma bado vimeshikana na magurudumu na gari litaelekea linakoelekezwa. Kilichoondoka ni msaada tu. Mtu aliyezoea kugeuza karibu tani moja na nusu kwa kidole kimoja, simu ikiwa sikioni, sasa anahitaji mikono yote miwili na bega, hasa gari likiwa linatambaa. Simu inawekwa chini. Trafiki wamepigania jambo hilo miaka mingi kwa faini na mahubiri.

Kidole kimoja hicho tumeletewa na Mmarekani, Francis W. Davis, mhandisi aliyefanya kazi kwa watengenezaji magari wa Pierce-Arrow na kuonyesha usukani wake wa mafuta mwaka 1926. General Motors walivutiwa nao, kisha wakaona gharama, wakauacha. Ikabidi dunia isubiri hadi 1951, Chrysler walipouweka kwenye Imperial yao, gari la watu wazito. Tangu hapo ukubwa ukaanza kupimwa kwa wepesi wa usukani, na wepesi wote huo ukapitishwa ndani ya mpira. Wa kwanza kuuaga na kutumia umeme walikuwa Suzuki, kwa kigari chao kidogo, Cervo, mwaka 1988. Yaani mwenye gari dogo alipona mapema, na wenye magari makubwa wakaachwa waendelee kunufaika.

Utukufu wa mpira huu unaonekana zaidi mtu anapojaribu kuudanganya. Sabuni ya mche imeziba matangi ya mafuta yasiyo na idadi, lakini hapa haifui dafu. Utepe wa tyubu na klempu mbili hushikilia hadi kuegesha kwa kwanza. Mpira wa mtumba uliotolewa kwenye Benzi iliyochinjwa una umri uleule na joto lilelile mwilini. Hapo umenunua maradhi ya mwenzio. Wapo wenye mashine za kubana mipira ya tipa na katapila, watakukatia mpya na kuufunga kwenye vichwa vyako vya zamani, na hautavuja. Ila mpira wa tipa ni mgumu. Ule wa asili umetengenezwa uvimbe kidogo ili umeze mapigo ya pampu, na huu hauvimbi, kwa hiyo usukani unaweza kuguna kila kona. Kwa mwenye haraka si dhambi. Mimi ningengoja mpya.

Ukipatikana, unakataa kufungwa na mtu asiye na adabu. Nati ya paipu ikiguswa na spana ya kawaida inalika pembe, na ikishalika ni siku mbili za matusi. Inataka spana ya paipu, ile yenye ufa, inayoikumbatia karibu pande zote. Nati mpya huanzwa kwa vidole, si kwa nguvu, vidole vyenyewe vikipita mahali ambapo Wajerumani hawakuacha nafasi ya mkono wa mtu mzima. Washa za shaba au oringi zinawekwa mpya. Kichujio cha karatasi kilichomo ndani ya kopo la W124, ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo, kinabadilishwa wakati huohuo. Na mtu akikosea akatia mafuta ya breki kwa sababu chupa zinafanana, sili zitavimba na kuharibika, na mpira utakuwa umeshinda tena.

Kisha kuna kutoa hewa, ibada ninayoipenda kuliko zote. Gari linainuliwa mbele kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja anazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, taratibu, mara nyingi, mwingine anaangalia kopo na kuongeza mafuta yanaposhuka, hadi povu liishe. Baada ya hapo ndipo injini inawashwa na zoezi linarudiwa. Fundi hawezi kuwa sehemu mbili na msaidizi wake ametumwa spea, kwa hiyo anayepanda kwenye usukani ni mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa hapo Gerezani, Dar es Salaam, akibishana na kijana wa bodaboda kuhusu Simba na Yanga. Kijana mwenye ovaroli anampa amri: kulia, bosi, kushoto, taratibu, usishikilie mwisho, utaua pampu. Na mkurugenzi anatii. Sijui semina ya uongozi iliyowahi kufika hapo.

Presha mpya ikirudi kamili, mara nyingi hupekua sili za zamani za boksi la usukani na kukuta zilizochoka, kwa hiyo mwenye gari asizoee sana vigae vikavu. Mpira wa kurudishia nao utavuja kwa zamu yake. Huo siusifu. Unauzwa kwa mita, unakatwa kwa kisu na kufungwa kwa klempu mbili, na dereva wa IST angeweza kuubadilisha.