Waraka kwa Waundaji wa Programu za Jambo Moja

Waheshimiwa waundaji,

Baada ya salamu, natumaini mu wazima, na wawekezaji wenu hawajambo.

Nitangulize shukrani, maana mnazistahili. Mlitukuta hoi. Tangu Aza Raskin abuni ukurasa usio na mwisho mwaka 2006, mtu huingia mtandaoni kutafuta nauli ya basi, akatoka usiku wa manane akiwa na habari kamili za talaka ya watu asiowajua, na nauli bado haijui. Ninyi mkatupa pa kupumulia. Wafumaji wakapata Ravelry mwaka 2007, wapenzi wa sinema wakapata Letterboxd kutoka Auckland mwaka 2011, wakimbiaji wana Strava. Ilikuwa kama kwenda gengeni: unachukua nyanya zako, unalipa, unaondoka, na muuzaji hakufuati hadi nyumbani kukuuliza maoni yako kuhusu uchaguzi mkuu.

Sasa niruhusuni, kwa heshima zote, niulize habari za BeReal.

Ilianza Ufaransa mwaka 2020, na mpango wake ulikuwa mzuri kiasi cha kutia shaka. Arifa moja kwa siku, saa usiyoijua. Dakika mbili za kupiga picha, kamera ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, bila vichujio vya kukung'arisha. Ukishapiga na kuwaona rafiki zako, umemaliza. Hakuna kingine cha kufanya humo. Mwaka 2022 Apple wakaitangaza kuwa programu bora ya mwaka ya iPhone. Mwanzoni mwa 2024 milango ikafunguliwa kwa watu mashuhuri na kampuni za biashara, na kabla mwaka haujafika katikati, yote ikauzwa kwa Voodoo, kampuni ya michezo ya simu, kwa euro milioni 500. Mtu kuuza mali yake si dhambi. Nauliza tu, hivi kilichouzwa ni nini hasa? Kamera kila simu inayo. Mnunuzi alilipia watu waliochoka, ambao tayari walikuwa wamekusanywa mahali pamoja.

Wasomaji nao wana yao. Walijikusanya Goodreads wazungumzie vitabu kwa raha zao, na mwaka 2013 Amazon ikainunua, wakajikuta wamekaa dukani. Baadhi wakahamia The StoryGraph, aliyoianzisha Nadia Odunayo peke yake, na namwombea mama huyo ujasiri siku atakapoletewa hundi nono. Letterboxd, asilimia 60 yake ilinunuliwa na kampuni ya Tiny ya Kanada mwaka 2023. Sisemi neno. Nasubiri kwa adabu.

Strava sitaki kuionea, maana imewatoa wengi kitandani. Lakini siku hizi ukikuta kikundi cha joging, Dar es Salaam au Nairobi, yumo mmoja amenuna kwa kuwa saa yake ilizimika njiani, kana kwamba kilomita alizokimbia zimeibwa. Alitoka alfajiri ili aachane na simu! Na Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya Strava ya njia za wakimbiaji ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari nao walikuwa wakirekodi mazoezi yao. Kama siri za jeshi zilivuja kwa staili hiyo, mimi na kitambi changu tuna kinga gani?

Ipo pia programu moja ya kutuliza akili, jina nalihifadhi, ambayo hunigutusha usingizini kunikumbusha kwamba leo sijatulia.

Msiniambie haiwezekani programu ikafanya kazi yake moja, kisha ikatuacha. Merlin, ya watafiti wa ndege wa Chuo Kikuu cha Cornell, inasikiliza mlio, inakutajia ndege, kisha wewe unainua macho kumtafuta mtini. Ni ya bure, na haina tangazo hata moja. Najua mtajibu kwamba chuo kina wafadhili, ilhali ninyi mna mishahara ya kulipa kila mwezi. Ni kweli tupu. Basi tajeni bei, tutalipa. Umeme wenyewe tunaulipia kwa simu. Ila mkishapokea hela yetu msituuze tena kwa mlango wa nyuma. Na mnunuzi akibisha hodi, tupeni taarifa kabla ya kutia saini, ili kila mtu abebe orodha yake ya vitabu, picha na kilomita zake aondoke navyo.

Nawatakia kazi njema. Mkitaka kunijibu, tafadhali tumieni barua. Arifa zenu nimezizima zote.

Wasalaam,
Mteja wenu mtiifu