Sumaku ya Fundi na Waya wa Nikeli

Butembo, Kongo, hakuna kitu chenye waya kinachotupwa. Pasi, resho, redio, chaja, taa ya sola: vyote huishia mezani kwa fundi, na vingi hutoka vizima, ingawa si lazima vitoke na skrubu zote vilizoingia nazo. Ni mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta na kwa akili za wenyewe. Kwa hiyo kijana mmoja mfanyabiashara alipoona sigara yake ya umeme imeanza kumuunguza koo, hakujiuliza mara mbili aipeleke wapi.

Sigara yenyewe ilikuwa imetembea. Wachuuzi wa Butembo wanajulikana kwa kufuata mali Dubai na Guangzhou, na huyu aliinunua Dubai, akashukia Entebbe, akapanda gari hadi Mpondwe na kuvuka mpaka kuingia Kasindi. Uganda imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za namna hiyo kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, hivyo kifaa kilivuka nchi nzima kikiwa ndani ya soksi. Na kama betri yake ilikuwa na kobalti, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kobalti hiyo ilichimbwa upande wa Kolwezi, ikazunguka Asia, halafu ikarudi Kongo kwa njia ya soksi.

Haikuwa sigara ya hivihivi. Ilikuwa na kioo kidogo ambapo mvutaji anachagua joto analolitaka, tuseme nyuzi 220, na mashine inaapa kutozidi hapo. Mambo haya yalianza kutamba mwaka 2014, kampuni ya Evolv ya Ohio, Marekani, ilipotoa saketi yake ya DNA 40. Mtu akiona namba zile hudhani ndani mna kipimajoto. Hamna. Kinachopima ni waya uleule unaochemsha.

Siri iko kwenye nikeli safi. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, waya wa nikeli huukinza umeme zaidi kwa karibu asilimia 0.6. Kutoka nyuzi 20 hadi 220 ukinzani unapita mara mbili ya ulivyokuwa. Mashine inajua ilianza na omu ngapi za ukinzani, inaona sasa ni ngapi, inapiga hesabu, inakata umeme. Pamba inayoubebea waya kimiminika ikikauka, joto linaruka, omu zinaruka nalo, na mvutaji anaokoka kuvuta moshi wa pamba. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

"Papa fundi, hii kitu iko inanichoma."

"Lete nione."

Fundi alifungua skrubu mbili kwa ncha ya kisu, akachomoa koili, yaani ule waya uliosokotwa, akaiweka kwenye kiganja. Kisha akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio miaka hiyo, akaisogeza. Koili ikaruka ikanasa.

"Unaona? Balikudanganya. Hii iko chuma. Nikeli gani ya kushika sumaku?"

Sasa, nikeli hushika sumaku. Iko kundi moja na chuma na kobalti, na haiachi tabia hiyo mpaka ipate moto wa nyuzi kama 354. Sumaku ya fundi haikusema uongo hata kidogo. Lakini kijana alikuwa amelipa dola nyingi kwa kitu kilichonasa kwenye sumaku ya redio, na mtu wa namna hiyo yuko tayari kuamini lolote juu ya Dubai.

Fundi akavuta droo, akatoa kipande cha waya wa resho, lile jiko la umeme. Akaupitishia sumaku. Haukushtuka.

"Hii sasa ndiyo ya kweli. Na hii pia iko nikeli, usiogope."

Alikuwa sahihi kwa asilimia 80. Waya ule ulikuwa wa nikromu, mchanganyiko alioubuni Mmarekani Albert Marsh mwaka 1905: nikeli sehemu nne, kromi sehemu moja. Sehemu hiyo moja ya kromi ndiyo inayoharibu kila kitu. Nikromu hukinza umeme karibu sawasawa ikiwa baridi au ikiwa nyekundu, jambo linaloifanya ifae sana chini ya sufuria ya maharagi. Kwenye sigara ya kupima joto ni kama mlinzi anayepiga filimbi ya "yote salama" huku ghala linateketea.

Fundi alizungusha waya kwenye msumari, akauwasha mpaka ukang'aa mwekundu ili aone kama unapata moto sawa pande zote. Kwa nikromu hiyo ni kazi nzuri kabisa. Ila nikeli safi haipigwi moto hivyo ikiwa kavu. Akasokota pamba ya hospitali, akaipitisha katikati, akadondoshea kimiminika, akafunga. Kioo kikawaka: 220. Kijana akavuta.

Mashine ikatazama omu. Hazijasogea. Ikaamua waya bado baridi, ikaongeza umeme. Ikatazama tena. Bado baridi! Ikamwaga nguvu zote ilizokuwa nazo, na kioo, kwa utulivu mkubwa, kikaonyesha nyuzi 35. Wakati huo pamba ilikuwa imeshakuwa nyeusi na kijana ameinama anashika ukuta. Mama anayeuza makaa ng'ambo ya barabara aliusikia moshi ule, akainuka.

"Weye mutoto, kama unataka kukunywa makala, kuja nikupimie."

Kwenye boksi la sigara kulikuwa na bobini ya nikeli ya akiba. Kijana aliikumbuka akiwa ameshafika nyumbani, na akaikuta juu ya paa: kaka yake alikuwa ameitumia kufungia antena. Akaifungua, akakata kipande, akaunda koili mwenyewe alfajiri, ule wakati ukungu wa Butembo haujaondoka na mtu anaongea huku anaona pumzi yake. Ikafanya kazi. Ilikuwa laini, pengine laini mno; alihisi kama anavuta hewa ya bafuni baada ya mtu kuoga.

Siku hiyohiyo alikuwa na safari ya Beni. Ni kilomita zipatazo 54, kupitia Maboya na Kabasha, na kwa pikipiki kila moja huhesabika mgongoni. Mtikisiko ukalegeza skrubu. Koili ya nikeli huwa na omu 0.1 hivi, kwa hiyo hitilafu ya omu 0.01 tu kwenye skrubu huipotosha mashine kwa nyuzi kama 17. Saa sita mchana, jasho likimtoka sokoni Beni, akakaza skrubu. Mashine ikamuuliza: koili mpya? Akabonyeza ndiyo. Akavuta, akakohoa tena.

Mashine nyingi za aina hii huchukulia kwamba koili mpya inawekwa kwenye joto la nyuzi 20. Butembo iko juu ya mita 1,700, na alfajiri ile ilikuwa kama nyuzi 14. Hivyo 220 ya kioo ilikuwa 207 kwenye waya. Beni iko chini zaidi, na mchana ule ulikuwa kama nyuzi 29; 220 ileile ikawa 240. Kijana, ambaye hesabu hizo hakuwa nazo, aligombana na muuza kimiminika, akampigia simu mwenzake wa Dubai, mwishowe akampigia fundi wa Butembo.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Iko joto ya Beni ile," akasema. "Ungoje usiku, ifungue, ifunge tena."

Kijana akangoja usiku, akaifungua, akaifunga tena. Ikakubali. Kesho yake fundi akamdai pesa ya ushauri, juu ya ile ya waya wa resho.