Jinsi ya Kuanzisha Programu Inayojiuza Yenyewe, Ukiwa Kata ya Mbulumbulu

Kwanza kabisa, ndugu mwanzilishi, usimuulize mkulima chochote. Ana ngano na maharage ya kumshughulisha, na akianza kukueleza shida yake utalazimika kubadili programu wakati fulana umeshachapisha. Wewe anza na jina. Likiwa na "Smati" au "Kilimo" ndani yake, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha tangaza kwamba bidhaa itajiuza yenyewe. Mteja anaijaribu bure, inamnogea, anamwambia jirani, baadaye wote wanalipa, nawe hujaajiri muuzaji hata mmoja. Ili aijaribu, mdai simu janja, bando, barua pepe na neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Akilisahau, mtumie jingine kwa barua pepe ile ile aliyofunguliwa na mpwa wake, ambaye siku hizi yuko Arusha na simu haipokei.

Wapo waliofanya mambo kienyeji, usiwaige. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa watu warejeshee mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana hela. Wenye bidhaa, badala ya kuwaitia semina ya matumizi sahihi, waliwafuata huko huko walikokwenda, wakaizindua Machi 2007 kuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Tena ilikuwa na ujanja wa kuudhi: uliweza kumtumia hela hata mtu asiyejisajili. Anapata ujumbe, anakwenda kwa wakala, anatoka na noti mkononi. Kazi ya kushawishi ameifanya mtumaji, na ada kalipa yeye. Wakala naye ana kamisheni yake, kwa hiyo hachoki kuelekeza. Ndiyo maana leo bibi asiyejua programu ni mdudu gani anabonyeza *150*00# kwenye kitochi, mtandao wa intaneti uwepo usiwepo.

Wewe waonyeshe bei za mazao. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuagiza, bei iliporomoka na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Programu yako ingewaonyesha mporomoko huo kwa grafu ya rangi tatu. Mnunuzi anayekuja na lori na kudai lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu lakini bei ni ya gunia moja, huyo usimguse. Mizani haipendezi kwenye picha za wafadhili.

Kuhusu kukua: kusanya watu ofisi ya kata, gawa soda, sajili kila simu iliyopo, pamoja na ya mtendaji. Mstari utapanda. Wangapi walirudi kuifungua wiki iliyofuata ni swali la watu wenye wivu.

Mshindani wako halisi yuko dukani, chini ya kaunta: daftari la madeni lenye jalada lililolowa mafuta ya taa. Jina, sukari kilo mbili, "atalipa akivuna". Akilipa, mstari mmoja wa kalamu. Linafunguka umeme ukikatika, na halijawahi kuomba ruzuku.

Ila nakuonya: usije ukakaa na mwenye duka jioni ukamuuliza ni ukurasa upi unaomsumbua zaidi. Ukishafanya hivyo, mwongozo huu hautakufaa tena.