Kabla Hujasema Unahaso

Siku hizi Nairobi kila mtu anahaso. Anahaso mvuta mkokoteni, anahaso mheshimiwa mbunge, anahaso hata mtoto wa tajiri anayeuza viatu mtandaoni kwa mtaji wa babake. Kitenzi kimoja hakiwezi kuwabeba wote hawa, kwa hiyo kabla hujakitamka fuata utaratibu huu.

Jua kwanza kilikotoka. Ni "hustle" ya Kiingereza, ambayo Waingereza waliipata kwa Waholanzi katika karne ya 17, ikimaanisha kutikisa. Palikuwa na kamari ya kutikisa sarafu ndani ya kofia. Baadaye kikawa kusukumana, na mwizi anayekupiga kikumbo akubebee pochi akapewa jina hilohilo. Wamarekani ndio waliokigeuza kuwa kuchapa kazi mbiombio, ingawa kwao pia kimebaki na maana ya utapeli na ya kuuza mwili. Mwaka 1975 Van McCoy akawachezesha watu dansi ya jina hilo. Basi ukisikia jamaa fulani anahaso, uliza anahaso nini.

Usikitumie kamwe kwa mtu ambaye kazi yake unaijua. Nenda soko la Marikiti alfajiri umtazame hamali na mkokoteni wake wa viazi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado zipo, zimeshonewa kichwa juu kama kilemba, na uzito wa ziada haulipiwi na mtu. Mteremko ukianza, hujirudisha nyuma kwa mwili mzima, visigino vikikwaruza lami, na kipande cha tairi kilichofungwa nyuma ya mkokoteni kikiburutwa chini. Hiyo ndiyo breki. Ikikatika, mzigo wote ni wake. Mtu huyo anavuta mkokoteni. Sema hivyo, na swali la pili litakuja lenyewe: analipwa ngapi kwa safari, na akivunjika mguu nani atamtibu? Ukisema anahaso, utamsifu kwa moyo wake wa chuma kisha uende zako ukanywe chai.

Mzazi naye akiulizwa mwanawe anafanya nini tangu amalize chuo, asijibu kwamba "anahaso tu". Aseme hajapata kazi. Si aibu ya kijana, na kuuficha ukosefu wa kazi kunawapunguzia mzigo wanaopaswa kuujibu.

Kama una mshahara na bima ya matibabu, na jioni unafuga kuku, sema unafuga kuku.

Mwanasiasa akikiita kilio chako uhasla, fungua macho. Kampeni za urais za 2022 zilijaa wilbaro, mgombea William Ruto akawaita wanyonge mahasla, na wengi walimpigia kura wakiamini hatimaye kuna anayewaona. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo akazindua Hazina ya Hasla: mkopo wa shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe ndani ya siku 14. Riba hiyo ni nafuu kuliko ya programu nyingi za mikopo ya simu, na haki hiyo tuitoe. Lakini mama anayetaka kuanza kukaanga mandazi anahitaji jiko, karai, unga na mafuta kabla hajauza hata moja. Shilingi 500 hazimfikishi popote, na wiki mbili hazimtoshi kupata wateja wa kudumu. Kiongozi aliyeomba kura kwa jina la jasho la mama huyu anapaswa kuulizwa kuhusu soko lenye paa, choo na maji, na kuhusu askari wa kaunti wanaomwaga bidhaa za wachuuzi. Muulizeni hayo kila anapokuja mtaani, msingoje msimu wa uchaguzi.

Na ukimkodi mwenye mkokoteni, elewaneni bei kabla hajapakia. Akishapakua, mlipe papo hapo, yote.