Tondozi ya Mkwaruzo

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika kazi nzima ya kuhamisha nyimbo kutoka kwenye santuri kwenda kwenye kompyuta, hakuna aliyenyongwa mara nyingi kama Mkwaruzo. Mwimbaji husifiwa, mpiga gitaa la solo husifiwa, hata kasha la sahani lililotafunwa na mende hupigwa picha na kutunzwa. Mkwaruzo peke yake ndiye anayetungiwa programu za kumfuta. Leo namtetea, tena bila malipo.

Nianze na nasaba yake. Wimbo ulio kwenye santuri ni kitu gani? Ni mkwaruzo. Ncha kali ilichimba mtaro mwembamba juu ya sahani laini, ikitetemeka kadiri mwimbaji alivyopaza au kushusha sauti; sahani hiyo ikazaa kalibu, na kalibu ikazaa nakala zilizosambaa mitaani. Emile Berliner alipoleta gramafoni yake mwaka 1887, alichotuletea hasa ni namna ya kukwaruza kwa adabu. Basi Mkwaruzo na wimbo ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alipelekwa shule na mwingine akalelewa na mtaa. Sindano haiwabagui. Ikipita kwenye sauti inatikisika, ikipita kwenye jeraha inatikisika, na mitikisiko yote miwili inageuka umeme, inapita kwenye waya uleule, na kompyuta inaipima mara 44,100 kwa sekunde bila kumuuliza yeyote kitambulisho. Nionyesheni ofisi yenye usawa wa namna hiyo.

Malezi yake nayo si haba. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sahani za zama hizo, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo ulikuwa na kazi yake: kuisaga sindano ya chuma mpaka ilingane na mtaro. Maana yake Mkwaruzo alikuwemo ndani ya sahani kabla haijatoka kiwandani, tena kwa mwaliko wa wenyewe. Sindano ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja ulipokwisha. Sasa niambieni, ni nyumba gani ya Unguja au Mombasa ingetupa sindano kila baada ya wimbo mmoja? Sindano iliimba arusini, ikaimba kwa jirani, ikarudi nyumbani ikaimba tena, na Mkwaruzo akanawiri.

Ni mlinzi pia. Weka sahani ya 78 kwenye mashine ya kisasa, ukaiteremshia sindano ya LP, santuri ndefu za baadaye, naye Mkwaruzo ataunguruma papo hapo. Sindano ya LP ni nyembamba mno. Mtaro wa 78 unataka ncha yenye upana wa karibu mara tatu, la sivyo sindano inazama hadi chini na kuchunga taka za miaka tisini. Anayesikiliza onyo hilo atabadilisha sindano. Asiyesikiliza atakimbilia kuisugua sahani kwa spiriti, na spiriti huyeyusha shelaki. Atabaki na sahani inayong'aa isiyo na neno la kusema.

Tuje kwenye matendo yake, na hapa naomba mvae miwani. Fungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, ingiza sahani ya 45, kisha vuta karibu picha ya sauti mpaka sekunde moja ijaze kioo kizima. Mawimbi ya gitaa yanapanda na kushuka kwa mpangilio, na katikati yake umesimama mstari mmoja mwembamba, umetokeza juu na chini kupita majirani zake wote. Ndiye huyo. Sogea kulia: sekunde 1.33 baadaye amesimama tena. Sogea tena: sekunde 1.33 nyingine, yupo. Sahani inazunguka mara 45 kwa dakika, na jeraha lililokata mitaro kadhaa linapita chini ya sindano kila mzunguko. Kwa hiyo mtu unayemwita mharibifu amekupa saa ya bure. Ukipima kati ya mlio mmoja na mwingine ukakuta sekunde 1.41, ujue mkanda wa mpira umelegea, mashine inajikokota, na mwimbaji ameshushwa nusu toni bila ridhaa yake. Sahani safi isingekwambia hivyo. Ingekuachia uhifadhi sauti ya mtu mwingine, uiandike jina la marehemu, na uigawe kwa wajukuu zake.

Ni mwanahistoria vilevile. Nyimbo nyingi za dansi zilizochapwa Nairobi katika miaka ya 1970, za bendi za Kenya na za Tanzania, zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa sahani ndogo. Zikakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Sehemu ya kwanza ndimo mlimo na mashairi, mawaidha na lawama kwa mpenzi. Ya pili ndimo magitaa yanamochachamaa na saksafoni kujibizana. Ninayo moja ambayo upande wa mawaidha unang'aa, lakini upande wa kucheza umegeuka kijivu. Hakuna mtafiti aliyeingia katika nyumba hiyo na dodoso, lakini ripoti ninayo mkononi: mawaidha yalisikilizwa kwa heshima, mara chache. Kompyuta inaunganisha vipande viwili kuwa faili moja kwa kufumba na kufumbua, na pale vinapokutana, mlio wa chinichini unapopanda ghafla, unasikia kabisa ni wapi watu waliinuka vitini.

Tena ni mwalimu wa subira. Picha elfu unazihamisha ukiwa unanywa chai, lakini LP ya dakika 40 inataka dakika 40, hakuna njia ya mkato. Na asingekuwepo Mkwaruzo, nani angekaa hapo? Mtu angebonyeza kitufe akaenda zake sokoni. Lakini sasa anajua akiondoka sindano inaweza kukwama, mwimbaji akang'ang'ania neno moja hadi mwenyewe arudi, na kwenye ubora wa CD kila dakika inakula takribani megabaiti 10. Nusu saa ya kutokuwepo ni megabaiti 300 za "mpenzi, mpenzi, mpenzi". Basi anakaa. Na kwa kuwa amekaa, anausikiliza wimbo wote mpaka mwisho, jambo ambalo pengine hajalifanya tangu anunue simu.

Mlinganisheni sasa na washindani wake. CD iliyochomwa nyumbani huzeeka kwa siri, na siku ukiihitaji inazunguka na kuzunguka kisha inatemwa. Flashi ni mnafiki zaidi: jana imefunguka, leo kompyuta inakuuliza kama ungependa kuifomati. Mkwaruzo hajui unafiki. Anakuharibia palepale anapokuharibia, unamsikia akikuharibia, na baada ya hapo wimbo unaendelea. Sahani yenye mikwaruzo mia bado inaimba. Faili lililoharibika kichwani huenda lisifunguke kabisa.

Najua wapo wanaombeza. Wanasema: anafunika wimbo, na tiba ipo. Unachagua zile sekunde chache kabla wimbo haujaanza, ambapo anasikika peke yake. Programu inamsoma, kisha inamwondoa kila mahali. Sawa, jaribuni. Sukumeni kile kitufe mpaka mwisho. Mtaona kimya kimetanda vizuri, na ndani ya kimya hicho manyanga yametoweka. Rika, lile tari dogo la taarabu, limebaki ngozi bila njuga. Herufi "s" ya mwimbaji imeng'olewa, na sauti yake inabubujika kana kwamba yupo ndani ya pipa. Kosa si la programu. Manyanga, njuga, na pumzi ya mwimbaji zote ni michakacho, na programu iliyotumwa kukamata michakacho imekamata michakacho. Nilitangulia kusema hawa ni ndugu. Ukiwavamia usiku kumtafuta mmoja, utaondoka na wote wawili.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye mzaha, kwa sababu ipo kanuni ambayo watunza kumbukumbu za sauti wanaifuata, nayo inampa mteja wangu kinga. Nakala ya kwanza huhifadhiwa ghafi, kama ilivyotoka kwenye sindano, na milio yake yote, bila kufutwa chochote, katika faili lisilotupa sehemu yoyote ya sauti, kama WAV au FLAC. Usafi hufanywa kwenye nakala ya pili. Sababu ni nyepesi: programu za kesho zitakuwa na masikio mazuri kuliko za leo, lakini kilichofutwa leo pamoja na mkwaruzo hakitarudishwa na programu yoyote. Aliyesafisha nakala yake ya pekee, kisha akamuuzia muuza vyuma chakavu mashine na kugawa sahani, ameamua kwa niaba ya vizazi vyote kwamba manyanga hayakuwepo.

Kwa hiyo namwombea Mkwaruzo mambo mawili, wala si makubwa. Kwanza, aachwe atulie kwenye nakala ghafi, hata kama hakuna mgeni atakayefunguliwa nakala hiyo. Pili, mnapojaza maelezo ya faili, yaani mwimbaji, bendi, lebo, na ile namba iliyochongwa kati ya mtaro wa mwisho na karatasi ya katikati, mumwongezee mstari wake: yuko upande gani, anaanza dakika ya ngapi, anapiga kila baada ya sekunde ngapi. Atakayekuja kuusafisha wimbo atawashukuru.

Nakomea hapo, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na zipo sahani zangu kadhaa ambazo mheshimiwa huyu bado hajazitembelea. Hizo nazishika kwa kingo, nazirudisha kwenye makasha yake, na sifa hizi hazisomwi chumba kile.